Kitabu Kilichokuja na Msafara

Ilikuwa msibani, Isevya, mjini Tabora. Katekista alisimama mbele ya jeneza akatangaza somo la kwanza: Kitabu cha Hekima, sura ya tatu. Mjomba wa marehemu, Mmoravian tangu utotoni, akavaa miwani na kufungua Biblia yake yenye jalada jeusi lililoanza kubanduka. Akapita Mithali, akapita Mhubiri, akaingia Wimbo Ulio Bora, akatokea Isaya. Akarudi nyuma, safari hii polepole. Mpwa wake aliyebatizwa Ukatoliki alipoolewa akamwinamia sikioni: "Mjomba, kwenu haimo." Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka sabini ina chumba pungufu.

Haimo kweli. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66, ya Kikatoliki 73. Hivyo saba vilikuwemo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyofanywa na Wayahudi wa Aleksandria, ambayo Wakristo wa mwanzo waliisoma sana. Waprotestanti waliviweka kando kwa kuwa havimo katika Maandiko ya Kiebrania. Wakatoliki, kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546, walitamka kwamba ni Neno la Mungu sawa na vingine. Mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua kutotoa hata senti kwa Biblia yenye vitabu hivyo. Kilikuwa pia na kanuni nyingine: Biblia isiwekewe maelezo yoyote pembeni, Neno lijisemee lenyewe. Roma ilitaka kinyume chake, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikaandika wazi kwamba tafsiri ya lugha ya kienyeji ambayo Roma yenyewe haijaiidhinisha iwe na maelezo. Kwa hiyo kabla hata ya kubishania neno moja la Kiswahili, pande hizi mbili hazikukubaliana kitabu chenyewe kiweje.

Ugomvi huo uliingia Unyamwezi kwa miguu. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulitembea miezi mitatu hivi. Mpwani alibeba mzigo kichwani, Mnyamwezi aliuweka begani, na mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kilo thelathini na ushei. Vitambaa vya merekani, shanga, waya za shaba, baruti. Livingstone alipokaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872 akisubiri wapagazi kwa miezi mitano, alikuwa na Biblia yake ya Kiingereza, ambayo alikwisha kuisoma yote mara nne alipokuwa Manyema. Miaka sita baadaye, mwaka 1878, Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie wakafika Tabora. Mwaka uliofuata daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society akapiga hodi Urambo kwa Mirambo. Wakatoliki na Waprotestanti, njia moja, pengine hata wapagazi walewale.

Kiswahili kilikuwa kimewatangulia wote wawili. Waarabu na Waswahili walikwisha kujenga matembe Unyanyembe, na vijana wa Kinyamwezi walioshuka pwani na pembe walirudi na maneno pamoja na ujira. Kitabu, barua, dhambi, sala, roho: maneno haya yalifika bara kwa njia ya biashara na Uislamu, kabla mmisionari hajafungua mdomo. Kumbuka hili, maana tutalirudia.

Tafsiri zenyewe zilianza pwani, na zilianza kwa msaada wa Waislamu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA alipata rafiki msomi, Sheikh Abdul Aziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Steere anaeleza katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kwamba kazi haikwenda: Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu ambao Steere alitaka kuwafikia. Nalipenda sana tukio hili. Tafsiri ilikuwa sahihi, pengine sahihi kuliko zote, na kwa sababu hiyohiyo haikufaa. Kila mabishano ya tafsiri tangu siku hiyo yanazunguka swali lilelile: sahihi kwa nani?

Agano Jipya la Steere lilikamilika mwaka 1879, Biblia nzima ikatoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Ilikuwa kwa Kiunguja. Wamisionari wa Mombasa hawakuridhika. William Taylor, aliyekijua Kimvita na mashairi yake kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, aliamini lugha ya Mombasa ndiyo yenye hadhi ya kubeba Maandiko, na mwaka 1914 Mombasa nayo ikapata Biblia yake nzima. Mungu mmoja, bahari moja, Biblia mbili ndani ya mwendo wa siku chache kwa jahazi.

Tabora haikuulizwa. Huku Wamoravian, waliopokea Urambo kutoka kwa Waingereza mwaka 1898 na kufungua Sikonge muda mfupi baadaye, walihubiri na kutafsiri kwa Kinyamwezi. Mmoja wao, Edmund Dahl, aliisikiliza lugha hii kwa makini kiasi kwamba kanuni ya sauti aliyoigundua ndani yake inaitwa hadi leo Kanuni ya Dahl, na inafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia. (Wanyamwezi waliomfundisha matamshi hawana kanuni yenye majina yao.) Lakini reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikaja serikali ya Waingereza na shule zake, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ya Steere ikashinda kiserikali, na Kinyamwezi kikabaki cha nyumbani.

Hapo akaingia Karl Roehl, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Roehl alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi Usambara na Rwanda. Alidai kwamba Kiswahili cha Steere kimejaa Kiarabu, kwamba mtu wa bara hakielewi, na kwamba lugha ya Kikristo haipaswi kuvaa kanzu ya Kiislamu. Agano Jipya lake likatoka mwaka 1930, Biblia nzima mwaka 1937. Ndani yake nabii hayupo, yupo mfumbuaji. Kuhani hayupo, yupo mtambikaji. Kasisi wa UMCA, Gerald Broomfield, alimjibu katika jarida la Africa: huwezi kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu ambao wasemaji wenyewe hawaudai.

Naona Broomfield alikuwa na haki, lakini hakuigusa sehemu inayouma. Roehl alisema anamtetea mtu wa bara. Fikiria basi Mnyamwezi wa miaka ya 1930, mwenye umri wa kubatizwa, aliyeambiwa na mmisionari aache kutambika kwenye vibanda vya mizimu ya babu zake. Anafungua Biblia na kukuta Haruni ni mtambikaji. Neno la Kibantu, hakika. Lakini ndilo neno aliloambiwa alitubie. Wakati huohuo kuhani, neno la kigeni lisilo na historia yoyote kijijini, lilikuwa tupu na tayari kujazwa maana mpya. Na yale mengine ya Kiarabu, kama tulivyoona, bara iliyajua tangu enzi za misafara. Kiswahili ambacho Roehl aliwatafutia watu wa bara hakikuwa chao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili makanisa ya Kiprotestanti yaliungana, yakatoa tafsiri moja: Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952. Ndiyo Union Version, jalada jeusi la mjomba wetu wa Isevya. Makuhani na manabii wakarudi.

Wakatoliki walikwenda njia yao. Kwa Mapadre Weupe mkatekumeni alisoma miaka minne kabla ya ubatizo, na kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa katekisimu na Historia Takatifu, si Biblia nzima. Tanganyika Mission Press ya Kipalapala, ambayo wengi wanaijua kwa TMP tu, ilichapisha vitabu vya Kikatoliki vilivyosambaa nchi nzima. Yohana wa Waprotestanti kwa Wakatoliki ni Yohane, na Mariamu ni Maria. Mtu akisali kwa sauti Tabora, kabla hajamaliza sentensi ya pili umeshajua alibatizwa wapi.

Na tusisahau kuwa mji huu ulihusika na kitabu kingine pia. Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya aliishi Tabora, na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ya mwaka 1953 ilizua ubishi miongoni mwa Waislamu ambao makasisi wangeutambua mara moja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilegeza kamba. Mwaka 1968 Roma na vyama vya Biblia walikubaliana masharti ya kutafsiri pamoja: vile saba viwemo katika sehemu yake, maelezo ya kusaidia msomaji yaruhusiwe, ya kubishana kimadhehebu yasiwemo. Matunda yake hapa ni Biblia Habari Njema, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990. Lugha yake ni nyepesi, na wafasiri walihamisha maana badala ya kufuata neno kwa neno.

Wepesi huo ndio uliowaudhi wengi. Nimewasikia walokole wa Tabora wakisema Habari Njema ni hadithi, haina upako, imechakachuliwa. Union Version ndiyo Neno. Ukiwauliza Wakatoliki na Walutheri waliosomea theolojia watakwambia pumzi ya Mungu iliwashukia waandishi wa kwanza, si wafasiri wa kamati. Lakini aliyekariri Zaburi ya 23 akiwa na miaka saba hasikii kamati. Marekani wapo wanaoitetea tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 kwa moto huohuo, nao wamesahau kwamba ilipotoka ilikuwa mpya na iliwaudhi watu.

Tulipokuwa tunangoja chakula cha msiba, kijana mmoja alimsogelea mjomba na simu yake. Humo ndani zimo tafsiri za Kiswahili kadhaa, na Roehl yumo, amefika bila mpagazi. Kijana akamfungulia Isaya. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akasoma mstari mmoja huku midomo ikicheza.

"Mfumbuaji," akasema. "Hiki ni Kiswahili cha wapi?"

"Cha bara, babu. Wanasema ni cha kwetu."