Macho ya watoto, sehemu ya 4: Ukungu wa miwani ulivyowasumbua hata wanaanga

Haya kina mama, na kina baba mliojificha humu, tuendelee.

Wengi mmeniuliza kuhusu mtoto anayevaa miwani ya michezo halafu katikati ya mechi anaivua. Anagombezwa eti anajidai. Hajidai jamani, haoni! Akikimbia asubuhi kuna kaubaridi, uso unatoa joto na jasho. Ule mvuke ukigusa lenzi iliyopoa unageuka matone madogo sana, yeye anaona weupe tu. Akiivua sasa, mpira au kiwiko cha mwenzake kinakuta macho wazi.

Dawa yake ni ya nyumbani, ila historia yake imepita mbali.

Tarehe 5 Juni 1966, Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha anga cha Gemini 9A. Hakuwa na pa kushikiza miguu, kwa hiyo kila alichogusa kilimsukuma, akawa anapambana tu. Vazi lake lilipozwa kwa hewa peke yake na jasho likalishinda. Kioo cha kofia kikajaa ukungu kwa ndani, na mkono haufiki huko. Unajua alifanyaje? Alisugua kioo kwa pua, akapata katundu ka kuchungulia. Mapigo ya moyo yakakaribia 180 kwa dakika. (Mgonjwa wodini akifika hapo, sisi manesi tunamkimbilia daktari.) Kazi ikasitishwa, akarudi ndani baada ya saa 2 na dakika chache, karibu kipofu.

Safari zilizofuata, wanaanga walipewa vitambaa vyenye dawa, wapanguse kioo kwa ndani muda mfupi kabla ya kutoka. Na kikubwa katika dawa ile kilikuwa sabuni ya maji! Sabuni haizuii mvuke kufika. Inachofanya ni kuyafanya matone yasisimame moja moja, yanalala yote kama utando mwembamba wa maji, na utando unaonekana ng'ambo. Wapiga mbizi wanaotema mate kwenye miwani yao wanatumia njia hiyohiyo. Wale wanawake wa Japani wanaozamia chaza, wanaoitwa ama, wao husugua kioo kwa majani.

Lakini sabuni ni sabuni. Aprili 2001, Chris Hadfield wa Kanada alikuwa nje ya chombo akifunga mkono wa mitambo kwenye kituo cha anga. Jicho la kushoto likaanza kuwaka moto. Huku kwetu machozi yangetiririka na kulisafisha. Kule hayadondoki, yakajikusanya kama kibonge juu ya jicho, kikakua mpaka kikavuka pua kikaingia jicho la pili. Akawa haoni kabisa. Walioko duniani waliogopa kemikali ya kusafisha hewa imevuja, wakamwambia atoe hewa kidogo kwenye vazi. Baadaye machozi yaliisafisha, akaendelea na kazi. Kumbe ni ile dawa ya ukungu. Hadfield mwenyewe amesimulia kwamba sasa wanatumia shampuu ya watoto, ile isiyochoma macho, na kwamba ndiyo ingetumika tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, maana najua wengi jikoni mtashika sabuni ya vyombo. Kwa mtoto, acha. Chukua tone moja la shampuu ya watoto, paka lenzi pande zote mbili kwa kidole safi, suuza kidogo kwa maji, kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Fanya kabla ya mazoezi, kila mara, maana jasho linaiondoa. Dawa ya meno inakwaruza lenzi, usiiguse. Na miwani isibane uso, hewa ipite pembeni.

Ikimwingia jichoni, mwinamishe kichwa jicho hilo likiwa chini, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Maji tu. Maziwa ya mama hapana, hata bibi akisisitiza. Baada ya hapo, jicho likibaki jekundu, likiuma au akikwepa mwanga, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, na mwende na chupa ya hicho mlichopaka.