Sebule ya Kale ya Watu wa Amu

Leo tumekusudia kusema habari za chumba kimoja tu, nacho ni kile ambamo mwenye nyumba humketisha mgeni wake. Pengine mtu atasema, "Habari za wafalme na vita twajua kuwa ni historia, lakini habari za ukuta na kiti ni historia gani?" Twajibu kwamba atakaye kujua watu wa kale walithamini nini, asitazame vita vyao peke yake, na atazame vyumba vyao.

Tuuchukue mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, ulioko pwani ya kaskazini ya Kenya. Nyumba zake za mawe zilizosifiwa kwa urembo wa ndani nyingi ni za karne ya 18, lakini ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko hapo. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, vilionekana vyumba virefu vyembamba, vidaka ukutani, na vipande vya vyombo vya kauri vya China. Na Gedi ilikwisha kuhamwa na watu wake katika karne ya 17. Basi watu wa Amu waliurithi ufundi huo wa pwani, wakauzidisha.

Jambo la kwanza limpasalo mtu kulijua ni sababu ya wembamba wa vyumba hivyo. Dari za nyumba za mawe zilichukuliwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti yalipangwa mawe na kumiminwa chokaa. Mzigo huo ni mzito sana, na boriti haiwezi kuuchukua ikiwa ni ndefu mno. Kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi yapata mita 3, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Urefu aliweza kuuongeza apendavyo, upana hakuweza.

Tazameni sasa fundi alivyofanya. Hakushindana na boriti, bali alivipanga vyumba vyake kimoja nyuma ya kingine. Katikati ya nyumba paliachwa kiwanda, yaani ua usioezekwa. Kutoka hapo mtu aliingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. (Kwa lugha ya Kiamu, tini ni chini na yuu ni juu.) Kila chumba kiliinuliwa kidogo kuliko kile cha mbele yake. Mwanga uliingia kwa upande wa kiwanda, ukazidi kupungua kadiri ulivyoendelea. Hivyo joto la jua lilibaki nje, na macho ya mtu aliyesimama kiwandani yalivutwa mpaka ukuta wa mwisho.

Mpango huo ulikuwa pia mpango wa adabu. Mlangoni palikuwa na daka lenye baraza za mawe, na hapo wanaume walizungumza habari za biashara na safari. Mgeni aliyekuja kulala alipewa sabule, chumba kilichotengwa ili asipite katikati ya wanawake wa nyumba. Neno hilo ndilo tulitumialo hata leo tusemapo sebule. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa cha watu wa nyumbani, na ajabu ni kwamba hicho ndicho kilichopambwa kupita vyote. Uzuri mkubwa haukuwekwa mahali pa kuonwa na kila apitaye njiani. Kwa nje nyumba ilikuwa ukuta mtupu.

Sasa tuseme juu ya mapambo yenyewe. Yalikuwa mambo matatu: chokaa, zidaka na samani chache.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo kubwa la kuni. Ukuta ulipakwa kwa mkono wa subira mpaka ukawa laini na mweupe. Weupe huo haukuwa pambo tu. Katika chumba chenye mwanga haba, ukuta mweupe huugawa mwanga mdogo uliopo. Tena matumbawe yaliyotoka baharini karibuni ni laini, hukatika kwa chombo cha mkono, na yakikaa nje huwa magumu. Kwa ajili hiyo mafundi waliweza kuyachora maua na mafundo kama achoravyo seremala katika mbao.

Zidaka, ambazo wengine huziita vidaka, ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani, kila kimoja kikizungukwa na nakshi ya chokaa. Humo viliwekwa vitabu, taa, na hasa bakuli na sahani za kauri zilizoletwa na majahazi kwa pepo za msimu. Wengine waliamini kwamba kauri huikinga nyumba na kijicho. Zidaka zilifanya kazi mbili kwa mara moja: ziliweka vyombo bila kuipunguza nafasi ya chumba chembamba, na vivuli vyake vilimfanya mtazamaji aone kwamba ukuta ni mnene na chumba ni kikubwa kuliko kilivyo.

Samani zilikuwa chache. Palikuwa na mikeka, vitanda vya kamba mwishoni mwa msana, na katika nyumba za wakubwa kiti cha enzi, kilichofanywa kwa mti mweusi na kutiwa njumu za pembe au mfupa. Kiti hicho kilikuwa cha mzee au mgeni mheshimiwa, wala si cha kila mtu.

Lakini haitufai kusifu tukanyamaza lingine. Nyumba hizi zilikuwa za waungwana. Watu wengi wa mji walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na kazi nyingi nzito zilifanywa na watumwa, ambao hawakupewa kiti katika vyumba walivyovitumikia. Mali iliyonunua kauri ilitoka pia katika jasho la watu hao mashambani. Weupe wa ukuta ule usitufanye tusahau mkono uliobeba jiwe.

Wala mali haikudumu. Jirani ya Amu ulikuwako mji wa Pate, uliokuwa na fahari kubwa, kisha ukaanguka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaombolezea majumba yake katika utenzi wa Al-Inkishafi, ili wasomao wajue kwamba dunia haina dhamana. Utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na biashara nyingi zilipokwenda bandari nyingine, wenye nyumba wengi hawakuweza tena kuzitengeneza. Chokaa isipotunzwa hupasuka, maji huingia, boriti huoza, na dari huanguka pamoja na zidaka zake. Hata hivyo nyumba nyingi zilisalia, na mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haipaki chokaa. Panahitajiwa fundi aliyefundishwa na fundi.

Basi sisi tusio na nyumba ya mawe tutajifunza nini? Kwanza, kwamba uzuri wa chumba hauanzi dukani, bali huanza kwa kuijua hali ya nyumba yako, kama fundi alivyoijua boriti yake. Pili, ukuta wa udongo nao hupakwa chokaa, na kidaka cha taa huchimbwa humo bila gharama. Tatu, vitu vichache vilivyo safi, kila kimoja mahali pake, humheshimu mgeni kuliko vitu vingi vilivyosongamana. Waungwana wa kale walizihesabu adabu hizi kuwa ni zao peke yao. Leo ni za kila mwenye mlango na mkeka wa kumtandikia mgeni.