Slalomu si kupenya

Ukitoka katikati ya Kigali kwenda Nyabugogo, unateremka Muhima. Jioni mabasi yanakuwa yamesimama pua kwa mkia, lakini motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hasimami: anainamia kushoto, anapita kati ya kioo cha basi na ukingo wa barabara, anarudi kulia, huku helmeti yangu ikigonga yake. Siku moja nilimuuliza mwendo ule wanauitaje.

"Mzee, hapa tunapenya tu," akanijibu.

Sikuuliza kwa udadisi mtupu. Mezani nilikuwa na tafsiri ya maelezo ya mashindano ya skii za majini, na neno slalom lilikuwa limetapakaa humo kama mawe kwenye mchele. Wenzangu waliosoma kwa Kifaransa hawakuona tatizo, maana katika Kifaransa hata dereva anayepitapita kati ya magari hufanya slalomu. Mimi nilikwisha kuandika "zigizaga" ukurasa mzima, kisha nikafuta.

Tazama kinachotendeka majini. Boti inakwenda moja kwa moja katikati, haipindi. Nyuma yake, mwishoni mwa kamba, yuko mtu juu ya ubao mmoja tu, mguu mmoja mbele ya mwingine. Anaingia kwenye lango la maboya mawili, kisha ni lazima ayazunguke kwa nje maboya sita, moja upande huu, linalofuata upande ule, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, ndipo atokee kwenye lango la mwisho. Njia nzima ni mita 259. Katika ngazi ya juu boti ya wanaume hukimbia kilomita 58 kwa saa, ya wanawake 55. Kwa wanaume, yote hayo huisha kwa sekunde 16 hivi. Ukikosa boya moja, umetoka.

Ukiyapata yote sita kwa mwendo huo wa juu kabisa, boti haiongezi kasi tena. Kamba ndiyo inayofupishwa: mita 18.25, kisha 16, 14.25, 13, 12, halafu 11.25. Hapo simama kidogo. Boya liko mita 11.5, kamba ni mita 11.25. Kamba haifiki! Pengo hilo huzibwa na mwili wenyewe: mtelezaji analala karibu aguse maji, mkono mmoja umenyooka kwenye mshikio, na ubao ulio chini ya miguu yake unapita nje ya boya. Mwaka 2013 Mmarekani Nate Smith alifika kwenye kamba ya mita 9.75, akapata maboya mawili na nusu. Nusu nayo huhesabiwa.

Sasa rudi kwa motari wangu. Yeye huchagua upenyo wake mwenyewe, na basi likisogea, anachagua mwingine. Mcheza slalomu hachagui chochote. Njia amewekewa, na ama ameipita yote ama hakuipita. "Zigizaga" inataja umbo la nyayo tu. Mlevi naye huenda zigizaga.

Neno slalomu lenyewe limetoka Norwei, likiunganisha mteremko na njia au alama ya mburuzo. Hakuna kupindapinda ndani yake. Mwaka 1922 Mwingereza Arnold Lunn alipanga huko Mürren, Uswisi, mashindano ya kwanza ya slalomu ya kisasa kwenye theluji. Mwaka huohuo kijana Ralph Samuelson alikuwa akijaribu kusimama juu ya mbao nyuma ya boti kwenye Ziwa Pepin, Minnesota. Baadaye neno la mteremkoni likahamia majini, mahali pasipo na mteremko wowote, wala hakuna aliyelalamika.

Kiswahili cha pwani kina neno lililonitamanisha: mbisho, yaani kupeleka chombo huku na huku ili kukabili upepo. Ni zuri, lina chumvi ya bahari. Lakini nahodha anayebisha hufuata upepo unavyomruhusu, si boya lililowekwa na mtu. Na hapa Muhima ukisema fulani anabisha, watu watadhani yuko mlangoni anapiga hodi, au ni mshindani wa maneno. Hata "boya" lina shida yake: mitaani Dar es Salaam ni tusi la kumwita mtu mjinga. Hilo nimelivumilia, kwa sababu wavuvi hawana jingine lililo jepesi zaidi.

Wala slalomu si neno la wageni peke yao. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018 katika skii za mteremkoni, mchezo ambao slalomu ni sehemu yake. Mhariri wa michezo atalihitaji tena.

Mto Nyabugogo unaopita bondeni, chini ya Muhima, hutoka Ziwa Muhazi, ziwa refu na jembamba, umbo ambalo wachezaji wa slalomu hulipenda. Siku maboya sita yakipangwa kule, mtangazaji atahitaji neno la kusema papo hapo. Mimi nimeandika slalomu kwa mchezo, njia ya maboya kwa uwanja wake, na kufupisha kamba kwa ule mtihani wa mwisho. Zigizaga nimemwachia mlevi, kupenya nimemwachia motari. Mwenye neno bora zaidi, hasa watu wa visiwani, alilete kabla sijaikabidhi tafsiri kwa mchapaji.