Mgomo wa George Eastham na Gharama ya Kusubiri

Kila msimu ulipokwisha, klabu za Ligi ya Uingereza zilipeleka majina ya wachezaji wao kwa mafungu: hawa tunabaki nao, hawa wanauzwa, hawa waende zao. Mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja na iliisha Juni, ila kuisha kwa mkataba hakukumfungua mtu. Mchezaji aliyeandikwa kwenye fungu la wanaobaki akikataa masharti mapya, klabu iliacha kumlipa na bado ikaendelea kushikilia usajili wake, asiweze kuchezea klabu nyingine yoyote ya ligi. Juu ya hapo, tangu 1901 kulikuwa na kikomo cha mshahara. Kilianza pauni 4 kwa wiki, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kilikuwa pauni 20, awe mchezaji huyo nyota wa taifa au mtu wa akiba. Mgomo katika mazingira hayo ulikuwa na maana moja: mchezaji anakaa bila mshahara, na klabu haipotezi chochote ila huduma yake uwanjani. Ndiyo maana naamini kwamba tangu mwanzo migogoro hii iliamuliwa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni nani aliyeweza kusubiri bila kuumia. Haki na kipaji vilifuata nyuma.

Ushahidi wa mapema unaelekea huko. Mwaka 1909 chama cha soka cha Uingereza kiliwataka wachezaji wajitoe kwenye chama chao cha wafanyakazi, la sivyo wafungiwe. Wale wa Manchester United, akiwemo Billy Meredith na nahodha Charlie Roberts, walikataa na wakasimamishwa. Walipata kutambuliwa kwa chama chao, lakini kikomo cha mshahara na mfumo wa kubaki na wachezaji havikuondolewa. Miaka mitatu baadaye mchezaji aitwaye Kingaby aliishtaki Aston Villa kwa kumzuia asipate kazi kwingine, akashindwa, na gharama za kesi zikakiacha chama taabani kifedha. Mwaka 1950 baadhi ya wachezaji walijaribu njia ya tatu: wakakimbilia Colombia, ambako ligi ilikuwa nje ya FIFA na haikujali usajili wa mtu. Mmoja wao alikuwa Charlie Mitten, winga wa Manchester United. Aliporudi alikuta adhabu inamsubiri, kisha akauzwa.

Mitten huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Newcastle United mwaka 1960, George Eastham alipogoma. Eastham alikuwa na malalamiko kadhaa, yakiwemo ubovu wa nyumba aliyopewa na klabu na suala la kazi ya pembeni. Mkataba wake ulipoisha aliomba kuuzwa, wakurugenzi wakakataa. Basi akaenda zake kusini, Surrey, akawa anauza magome ya mti yatumikayo kutengenezea vizibo vya chupa, kwa mfanyabiashara rafiki yake aitwaye Ernie Clay, ambaye miaka ya baadaye angekuwa mwenyekiti wa Fulham. Simulizi nyingi hupita haraka hapa ili zifike mahakamani, nami naona hapa ndipo kiini kilipo. Mchezaji alikuwa amepata mahali pengine pa kula. Newcastle sasa ilikuwa imeshika karatasi ya usajili ya mtu ambaye hana njaa, na kila wiki aliyokaa nje thamani ya karatasi ile ilipungua. Kabla mwaka haujaisha wakamuuza Arsenal kwa pauni 47,500. Kwa mshahara wa juu kabisa ulioruhusiwa, pauni 20 kwa wiki, mtu angelazimika kucheza zaidi ya miaka 45 ili alipwe kiasi hicho. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwa nini klabu ndiyo iliyochoka kwanza.

Kuna atakayesema kwamba kilichowakomboa wachezaji ni sheria, na kuuza vizibo ni kichekesho cha pembeni tu. Ni kweli kwamba mwaka 1963, katika kesi ya Eastham dhidi ya Newcastle, Jaji Wilberforce aliamua kuwa mfumo ule ulikuwa kizuizi kisicho cha haki kwa mtu kufanya kazi yake, na uamuzi huo ulibadilisha mengi. Lakini kesi ilifika mbali kiasi hicho kwa sababu chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill na katibu wake Cliff Lloyd, kilikuwa na uwezo wa kuigharimia, na kwa sababu Eastham tayari alikuwa anacheza Arsenal na hakuwa na haraka. Kingaby hakuwa na hayo. Isitoshe, Januari 1961, kesi haijasikilizwa, kikomo cha mshahara kilikuwa kimekwisha kufutwa kwa tishio la mgomo wa wachezaji wote. Muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Hata katika ushindi wake mahakamani, Eastham hakupata mishahara ya majuma aliyogoma. Kusubiri kulimgharimu yeye, na gharama ile hakurudishiwa.

Pingamizi la wenye klabu lina uzito zaidi. Walisema kwamba mchezaji akiachiwa, klabu tajiri zitawanyakua wote na miji midogo itabaki na viwanja vitupu. Burnley walikuwa mabingwa mwaka 1960, na Ipswich mwaka 1962. Miji ya ukubwa ule huipati tena kwenye orodha ya mabingwa kirahisi. Siwezi kusema woga ule ulikuwa wa bure. Ninachokataa ni bili yake kupelekwa kwa mchezaji. Kama usawa wa ligi ni mali ya wote, ungeweza kulipiwa kwa kugawana mapato, na wakurugenzi waliokuwa wakiusifu usawa huo hawakuona ubaya wa kupokea pauni 47,500 kwa mtu waliyemlipa 20.

Baada ya mchezaji aitwaye Bosman kushinda kesi yake Desemba 1995, mchezaji wa Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba aliondoka bure, na gharama ya kusubiri ikahamia upande wa pili. Klabu zikajibu kwa mikataba mirefu, na mvutano ukasogea kutoka mwisho wa mkataba hadi katikati yake. Majira ya joto ya 2025 Alexander Isak aligoma Newcastle, klabu ileile, akiwa na mkataba hadi 2028, na Septemba 1 akaenda Liverpool kwa pauni milioni 125. Mashabiki walimwita msaliti. Inawezekana alivunja ahadi, lakini klabu iliyovuna fedha nyingi kuliko uhamisho wowote uliowahi kufanyika Uingereza haiwezi kuitwa mateka. Isak aliweza kusubiri kwa sababu Liverpool walikuwa mlangoni na mfuko wazi, kama Clay alivyokuwa na ghala lake.

Anayekosa vyote viwili, ghala na mnunuzi, hali yake bado ni ya Kingaby wa 1912. Nchini Tanzania, Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu yake, Yanga, akiamini amenunua uhuru wake. Yanga walizirudisha, na kamati ya shirikisho la soka, TFF, ikasema bado ni mchezaji wao. Alikaa nje ya uwanja kwa miezi, akashindwa pia kwenye marejeo, mpaka Juni 2023 Rais Samia, katika hafla aliyoiandalia Yanga Ikulu, alipowaomba viongozi wake walimalize suala hilo. Siku chache baadaye klabu ya Azam walimtangaza kuwa wao. Hoja za kisheria za pande zote mbili zilikuwa zilezile za Desemba. Hakuna kifungu kilichobadilika kati ya hapo.