Programu Kama Hoja ya Kitaaluma: Mhandisi wa Programu za Utafiti na Ufuatiliaji wa Magonjwa Kagera

Katika mwaka wa fedha 2022/23, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini imesimama juu ya dhana ambayo makala haya yanaipinga, yaani kwamba maarifa hukamilika yanapochapishwa, na kwamba programu iliyoyazalisha ni chombo tu, kama mizani, ambacho fundi yeyote anaweza kukitengeneza.

Kwamba sayansi ya leo hutegemea programu hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye hadhi ya anayeiandika. Uingereza ilimpa jina mwaka 2012, mhandisi wa programu za utafiti, yaani mtu anayejua uhandisi wa programu na kulielewa pia swali linalotafitiwa. Katika vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, ngazi za kutoka mhadhiri hadi profesa hupandwa hasa kwa machapisho, hivyo kazi ya mtu huyo haina pa kuhesabiwa.

Ushahidi mzito unatoka katika ufuatiliaji wa magonjwa. Bonde la mto Kagera lilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ambako watafiti wa SACIDS, kituo chenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walijaribu simu zenye EpiCollect, programu iliyoundwa Imperial College ya London. Baada ya warsha ya mwaka 2014 iliyowakutanisha waandishi wa programu na wataalamu wa afya ya binadamu na mifugo, iliundwa programu ya AfyaData, ambayo ndani yake mna fasili za magonjwa, yaani dalili zinazofanya ugonjwa fulani ushukiwe. Kati ya Agosti na Desemba 2016 ziliripotiwa kwa AfyaData kesi 1,915, ambapo 1,816 zilihusu mifugo na 99 binadamu. Ngorongoro ilitoa 1,832 na Morogoro 83. Je, tofauti hiyo ni ya ugonjwa, ya bidii ya watoa taarifa, au ya namna fomu ilivyouliza? Swali hilo haliwezi kujibiwa kikamilifu bila kuijua programu kwa ndani, na anayelijibu anafanya sayansi.

Yapo mabishano kwamba makala iliyoieleza AfyaData mwaka 2017 imekwisha kuwapa waundaji wake sifa. Hata hivyo, makala hubaki ilivyochapishwa, ilhali programu hudai marekebisho kila mfumo wa simu unapobadilika, na mkataba wa mradi huisha pamoja na ufadhili.

Magonjwa hayangoji ufadhili. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wa Biharamulo, mkoani Kagera, uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025, ulikuwa umeua watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa kimaabara, ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Haidaiwi hapa kwamba programu ingeuzuia; kinachodaiwa ni kwamba taarifa za awali kutoka vijijini hutegemea vyombo ambavyo lazima awepo wa kuvitunza.

Kwa hiyo, tuzo ya wizara ipokee pia programu zilizopitiwa na wataalamu, na vyuo, pengine kwa kuanzia na vile vya afya na kilimo, vianzishe kada ya wahandisi hao yenye ngazi zake hadi uprofesa. Pasipo kada hiyo, Tanzania itaendelea kuyahesabu magonjwa yake kwa maswali yaliyopangwa na wengine.