Daftari la Watu: Sylvia Beach na Wasomaji Wake

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana mfanyabiashara aliyeidharau kauli hiyo akasalimika. Hata hivyo, mjini Paris alikuwapo mwanamke mmoja aliyeuza na kuazimisha vitabu kwa muda wa miaka 22 pasi na kuwa na orodha ya vitabu vyake. Mteja aliyetaka kujua kilichomo dukani alitakiwa aende rafuni akatazame kwa macho yake. Asipokiona kitabu, basi kimeazimwa. Alichokiandika mama huyo kwa uangalifu ni majina ya watu. Kila msomaji alikuwa na kadi yake, na katika kadi hiyo kikaandikwa kila alichochukua, siku alipokichukua na siku alipokirudisha. Jina la mwanamke huyo ni Sylvia Beach, na duka lake likiitwa Shakespeare and Company. Makala haya yanataka kuchungua jinsi duka dogo lenye mtaji mdogo lilivyoweza kujijengea jamaa ya wateja waliolipenda hata wakalihami, na ni nani hasa, katika jamaa hiyo, aliyelipa deni la mapenzi.

Sylvia alizaliwa Marekani mwaka 1887, mtoto wa kasisi. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa Ufaransa, na huko Paris akaingia siku moja katika duka la Adrienne Monnier, mtaa wa Odéon. Adrienne alilifungua duka hilo mwaka 1915 kwa fidia aliyolipwa baba yake, mfanyakazi wa posta, baada ya kuumia katika ajali ya treni. Alikuwa na rai iliyowashangaza wauza vitabu wenziwe: kwamba si haki kumtaka mtu anunue kitabu asichokijua. Kwanza akisome; akikipenda, atakitaka kiwe chake. Kwa hiyo akaazimisha kwanza, akauza baadaye, na duka lake akaliita nyumba ya marafiki wa vitabu. Waandishi na wasomaji wakakutana humo, wakasomeana kazi zao kwa sauti.

Sylvia alitamani kulipeleka duka la namna hiyo London au New York, liuze vitabu vya Kifaransa. Kodi za huko zikamshinda. Ndipo alipogeuza shauri: badala ya kuwapelekea watu wa nje vitabu vya Kifaransa, atawaletea watu wa Paris vitabu vya Kiingereza. Mama yake akampa akiba yake, na tarehe 19 Novemba 1919 duka likafunguliwa mahali palipokuwa dobi, mtaa wa Dupuytren. Mwaka 1921 likahamia nambari 12, mtaa wa Odéon, likatazamana na duka la Adrienne.

Vitabu vya Kiingereza vilikuwa ghali mno kwa wenye kuhesabu faranga, na kwa hiyo kuazima ndiko kulikoendesha duka. Msomaji alilipa ada ya mwezi au ya miezi kadhaa, akaweka na amana ya kurudishiwa. Wanachama hao Sylvia aliwaita visungura, kwa kulichezea neno la Kifaransa abonné, ambalo matamshi yake yanakaribiana na jina la Kiingereza la mnyama huyo. Ernest Hemingway, katika kumbukumbu zake za Paris, anaeleza kuwa siku ya kwanza hakuwa na fedha za amana. Sylvia alimwambia atalipa atakapokuwa nazo, na achukue vitabu kadiri anavyotaka. Kijana yule asiyejulikana na mtu akatoka na Turgenev, Tolstoy na Dostoyevsky kwapani.

Tuliangalie jambo hili kwa makini, kwani ndilo msingi wa yote. Mwenye duka ndiye aliyetangulia kuamini. Hakungoja mteja athibitishe uaminifu wake. Alimkopesha imani kwanza, kisha akangoja. Aidha, huduma zake hazikuishia kwenye vitabu. Wasafiri wasiokuwa na anwani ya kudumu walipokea barua zao hapo dukani, na mwenye dhiki akakopeshwa vijisenti. Wengine waliingia bila ya kununua chochote, wakakaa karibu na jiko la moto wakazungumza, na hapana aliyewauliza wamefuata nini.

Mtihani wa kwanza wa jamaa hii ulikuja mwaka 1921. Mnamo Februari mwaka huo, huko New York, wahariri wa jarida lililokuwa likitoa sehemu za Ulysses, riwaya ya James Joyce, walitiwa hatiani na kutozwa faini. Baada ya hapo hapakuwa na mchapishaji wa Marekani wala Uingereza aliyethubutu kuigusa. Sylvia, ambaye hajapata kuchapisha hata kijitabu, akamwambia Joyce kwamba duka lake litaitoa. Hakuwa na fedha za kazi hiyo. Alichokuwa nacho ni wasomaji. Akawapelekea tangazo la nakala 1,000, bei ya chini kabisa faranga 150 na ya juu faranga 350, wajiandikishe kabla kitabu hakijawapo. Maurice Darantiere, mchapaji wa mji wa Dijon, akakubali kungojea malipo mpaka fedha za wanunuzi zifike. Kwa hiyo mchapaji alimwamini mwenye duka, mwenye duka akawaamini wasomaji, na wasomaji wakakiamini kitabu ambacho mtunzi mwenyewe hajakimaliza, maana Joyce aliendelea kuongeza maneno hata katika kurasa zilizokwisha kupangwa chapa.

Yeats alijiandikisha, na Gide pia. Bernard Shaw alikataa. Alijibu kwamba mtu wa Ireland, tena mzee, hatoi faranga 150 kununua kitabu. Tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40, nakala mbili za kwanza ziliwasili Paris kwa treni ya asubuhi, na Sylvia akaenda stesheni kuzipokea.

Watu wengi humalizia hadithi hapo, kwenye ushindi. Lakini daftari lina kurasa nyingine. Sylvia alimkopesha Joyce mara kwa mara, akamwandikia barua zake, akamtafutia madaktari wa macho, akayabeba mengi ambayo hayamo katika kazi ya muuza vitabu. Mahakama ya New York ilipoihalalisha Ulysses mnamo Desemba 1933, na kampuni ya Random House ikaitoa huko Marekani mwaka 1934, Sylvia hakupata kitu. Yule aliyepewa zaidi kuliko wote hakuwa ndiye aliyelipa.

Wakati huohuo biashara ilikuwa ikididimia. Mtikisiko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwarudisha Wamarekani wengi kwao, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 Sylvia alikuwa akifikiria kufunga. André Gide aliposikia, alilikataa jambo hilo katakata, akawakusanya waandishi wenziwe. Mwaka 1936 ikaundwa jumuiya ya Marafiki wa Shakespeare and Company. Kila mmoja alitoa faranga 200 kwa mwaka, na malipo yake yalikuwa kuingia katika chumba kile chembamba kusikiliza waandishi wakisoma kazi ambazo aghalabu hazijachapishwa. Gide alisoma, Valéry alisoma. T. S. Eliot alivuka bahari kutoka London kuja kusoma. Mwaka 1937 Hemingway, ambaye hakupenda kabisa kusoma mbele ya watu, alisoma pamoja na Stephen Spender. Kijana aliyekopeshwa vitabu bila ya amana alikuwa amerudi na amana yake.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa fedha. Paris ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1959, Sylvia anasimulia kwamba siku moja mwaka 1941 ofisa wa Kijerumani aliona dirishani Finnegans Wake, kitabu cha Joyce, akataka kukinunua. Ilikuwa nakala yake ya mwisho, naye akakataa kuiuza. Ofisa alirudi baadaye na tishio kwamba mali yote ya dukani itachukuliwa. Alipoondoka tu, Sylvia akawaita marafiki. Kwa muda wa saa chache vitabu vyote vikapandishwa ghorofani ndani ya vikapu, rafu zikang'olewa, na jina la duka likapakwa rangi likafutika. Mwaka 1942 Sylvia mwenyewe alikamatwa, akazuiliwa kambini kwa takriban miezi sita. Vitabu havikuonekana na adui. Duka halikufunguliwa tena, wala yeye, hadi kufa kwake mwaka 1962, hakurejea katika biashara hiyo.

Mwaka 1951 Mmarekani mwingine, George Whitman, alifungua duka lake la vitabu ng'ambo ya kanisa kuu la Notre-Dame, na mwaka 1964 akalipa jina la Shakespeare and Company kwa kumuenzi Sylvia. Duka hilo lipo hadi leo. Maradhi ya korona yalipoliangusha mauzo yake mwaka 2020, liliwaandikia wasomaji wake kuwaeleza hali halisi, na maagizo yakamiminika kutoka kila upande. Likafufua na jumuiya ya marafiki, kwa kufuata mfano wa 1936.

Kadi za wasomaji wa Sylvia sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wataalamu waliozipitia wamehesabu wanachama zaidi ya 5,000. Wamo Aimé Césaire, Simone de Beauvoir na Walter Benjamin; lakini walio wengi mno ni watu ambao historia haiwajui, walioingia, wakalipa ada yao ya mwezi, wakachukua riwaya, wakairudisha. Hao ndio walioliweka duka wazi siku kwa siku. Mabingwa walileta sifa, na ilipobidi wakaleta msaada. Kodi ya nyumba ililipwa na wasiojulikana.

Sisi wa visiwani, tunaochapisha mashairi kwa nakala chache na kuziuza kwa mkono, tumezoea kuulizana ni mkubwa gani atakayetudhamini. Mfano wa mtaa wa Odéon unatufunza kuanza na suala jingine: tunawajua wasomaji wetu kwa majina? Tunajua nani alisoma nini, na nani alitaka kusoma akakosa nauli ya kitabu? Mwenye duka au jarida asiyekuwa na majibu hayo, hata orodha yake ya mali iwe nadhifu vipi, bado hajaanza kuandika daftari.