Kutoka Enanga hadi Chatiboti: Historia ya Usawiri wa Nafsi ya Mhusika na Funzo la Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna nafsi ya mhusika ilivyosawiriwa katika fasihi simulizi ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, na kuilinganisha na historia ya wahusika wa chatiboti tangu mwaka 1966. Hoja kuu ni kwamba nafsi inayosadikika haijengwi kwa orodha ya sifa, bali kwa ukinzani, mahusiano na kumbukumbu. Makala yanaonya kwamba historia hii ikipuuzwa, Mhaya atakayesemeshwa na akili unde atakuwa kikaragosi kilekile tunachokifahamu katika utani.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kwamba mbunifu wa programu anataka kuunda mhusika wa chatiboti: bibi mzee wa Kamachumu, wilayani Muleba, atakayezungumza Kiswahili na vijana. Njia iliyo rahisi ni kuipa mashine orodha: bibi anapenda senene, anatafuna kahawa, anapika ndizi, anachanganya Kihaya na Kiswahili, ana hekima na methali. Kila kipengele katika orodha hiyo kina ukweli wake. Hata hivyo, vyote kwa pamoja havimfanyi bibi yeyote aliyepata kuishi Kamachumu. Vinaunda kile ambacho uhakiki wa fasihi, kwa kumfuata E. M. Forster (1927), hukiita mhusika bapa.

Kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili tatizo hili si geni. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Majivuno na Karama wanabeba sifa zao katika majina yao. Miongo miwili baadaye, Kazimoto wa Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) anabeba maswali asiyoweza kuyajibu. Haitoshi kuieleza safari hiyo kuwa ni ya kutoka ujadi kwenda usasa, kwa sababu fasihi simulizi ya kandokando ya Ziwa Viktoria ilikwisha kulikabili suala hili kwa njia zake yenyewe.

2.0 Fanani Mmoja, Sauti Nyingi

Enanga ni jina la vitu viwili: ala ya nyuzi zilizowambwa juu ya mti uliochongwa mfano wa kihori, na utendi unaoimbwa kwa ala hiyo. Katika miaka ya 1980, M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizi kwa kina. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa hoja nzito dhidi ya shaka aliyoieleza Ruth Finnegan mwaka 1970 kuhusu kuwapo kwa utendi katika fasihi simulizi ya Afrika. Mjadala huo ulihusu zaidi utanzu. Hapa tunauliza jambo jingine: fanani aliwezaje, akiwa peke yake na ala yake, kuwafanya watu wengi wasadikike?

Sehemu ya jibu imo katika ukinzani. Mugasha, mwenye mamlaka juu ya ziwa na dhoruba katika imani za jadi za Wahaya, hawezi kuelezwa kwa sifa moja. Ziwa linalomlisha mvuvi ndilo linalomzamisha. Anayemwomba Mugasha ndiye anayemwogopa, na hofu hiyo haiondoi ombi. Nafsi yake imo katika mvutano huo, nao hautatuliwi.

Sehemu nyingine imo katika mapatano kati ya fanani na hadhira. Peter Seitel, aliyechunguza ngano za Kihaya, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina linalotokana na kiitikio cha hadhira. Mtambaji husema kwamba alikuja, akaona; hadhira humwitikia kwa kumtaka aone ili nao waone. Fomula hii ni zaidi ya pambo la ufunguzi. Inamweka mtambaji katika nafasi ya shahidi, na kuifanya hadhira imdai ushahidi huo. Mhusika anasadikika kwa kuwa yupo mtu anayewajibika kwa ajili yake mbele ya watu wanaomfahamu.

3.0 Historia ya Kikaragosi

Iwapo enanga na ngano zilimpa Mhaya wahusika wenye kina, utani wa mijini umempa Mhaya mwenyewe nafsi bapa. Neno nshomile, yaani “nimesoma”, limekuwa jina la mhusika anayejulikana nchini kote: mtu wa Bukoba anayejisifia shahada na kupachika Kiingereza penye Kiswahili na pasipo. Mhusika huyu ana historia. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba. Kusoma na kuingia dini vilikwenda pamoja, na baadaye fedha za kahawa zilisaidia kulipa ada za shule. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, mzaliwa wa eneo hili, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Katika mazingira hayo, kusema “nimesoma” kulikuwa pia kutaja gharama ambayo ukoo mzima ulikuwa umeilipa.

Utani ulichukua kauli na kuiacha gharama. Hivyo ndivyo kikaragosi kinavyozaliwa: sifa ya kweli hukatwa kutoka katika historia iliyoizaa. Hatari ya akili unde ipo hapa. Mashine hujifunza kutokana na matini zilizoandikwa kwa wingi, na katika maandishi ya kila siku utani ni mwepesi kusambaa kuliko enanga. Mashine ikiachwa ichague yenyewe, itamchagua nshomile.

4.0 Mashine na Nafsi

Historia ya chatiboti nayo ina hatua zake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, huko Marekani, alieleza programu yake ELIZA, iliyopewa jina la mhusika wa tamthilia ya George Bernard Shaw. Ilipoigiza tabibu wa nafsi, ELIZA iliyageuza maneno ya msemaji kuwa maswali na kumrudishia. Haikuwa na nafsi. Watu waliijaza nafsi zao wenyewe, jambo lililomtia wasiwasi muundaji wake. Mwaka 1972 Kenneth Colby aliunda PARRY, mhusika mwenye maradhi ya kuwashuku watu. PARRY ilikuwa na viwango vya hofu, hasira na kutoamini, navyo vilipanda na kushuka kadiri mazungumzo yalivyoendelea. Kwa lugha ya uhakiki, PARRY ilikuwa na hali ya ndani inayobadilika kutokana na mahusiano.

Mifumo ya sasa inazungumza kwa ufasaha ambao ELIZA na PARRY hazikuwa nao. Hata hivyo, ufasaha si nafsi. Mhusika anayejibu kila swali kwa utayari uleule, kwa kila mtu, hajapiga hatua kubwa kuipita orodha ya sifa.

5.0 Bibi wa Kamachumu

Turejee kwa bibi yetu. Kwanza, ni lazima awe na mahusiano. Hasemi na mjukuu kama anavyosema na mkwe au padri. Neno waitu la heshima lina mahali pake na watu wake. Mbunifu aanze kwa kuuliza bibi anazungumza na nani. Pili, awe na ukinzani: anaweza kujivunia watoto waliosoma, na papo hapo kuwalaumu kwa kuuacha mgomba wa baba yao. Tatu, awe na kumbukumbu. Mwanamke wa umri wake ameishi katika vita vya Kagera vya 1978–1979, ameona UKIMWI ukiingia katika mkoa ambamo wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, na anaikumbuka siku ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama.

Kumbukumbu hiyo haina budi kuambatana na ukimya. Bibi aliyelea wajukuu yatima hatasimulia vifo vya wanawe kwa kila anayeuliza. Atazungumzia bei ya kahawa, atauliza kama mgeni amekula, na pengine siku nyingine atataja jina moja. Mhusika hujulikana pia kwa anayoyanyamazia, na kunyamaza ndiko kugumu zaidi kwa mashine iliyoundwa ili ijibu.

6.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa inaonesha kwamba ukinzani, mahusiano na kumbukumbu vinaweza kuandikwa katika maelekezo ya mashine, na mbunifu anayeifahamu fasihi simulizi ya Kagera ataviandika vyema zaidi. Lakini mashine haiwezi kusema kwa haki kwamba ilikuja, ikaona. Ushahidi huo unabaki kwa binadamu anayemuunda mhusika. Kwa hiyo watafiti wa fasihi ya Kiswahili hawana budi kushiriki katika kazi hii mapema, wakiwa na rekodi za enanga na ngano mkononi na wenyeji wa Bukoba na Muleba kando yao. Wenyeji hao ndio hadhira yenye haki ya kudai kuoneshwa, na ya kusema pale wanapoona kwamba huyo aliyeletwa si bibi yao.